Hodi ya Tatu

Stumai Kaoneka alikuwa na desturi ya kumaliza chai yake yote kabla ya kupiga hodi, kwa sababu aliona si adabu kumwomba mwenyeji ruhusa huku unatafuna. Wenzake walimcheka kwa hilo. Walimwambia msitu hauna macho, na hata ungekuwa nayo usingejali kitumbua cha mtu. Yeye alijibu kwamba sheria inasema mtu apige hodi, na hodi ina adabu zake. Basi asubuhi hiyo alimeza tonge la mwisho, akapangusa mikono kwenye suruali, akachukua kijiti cha hodi na kukichomeka ardhini, hatua nne kutoka kwenye shina la mti wa mkulo.

Kilikuwa kijiti cha shaba, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, chenye kioo kidogo na spika kichwani. Ncha yake ilipenya kwenye udongo mweusi, ikazitafuta nyuzi za kuvu zinazounganisha mzizi na mzizi chini ya majani makavu, ikaanza kusoma umeme hafifu unaopita humo. Mtoto yeyote aliyesoma shule tangu Sheria ya Hodi ipitishwe angeweza kukueleza hayo bila kushika daftari. Angekueleza pia kwamba hodi hupigwa asubuhi tatu mfululizo. Msitu ukisema KARIBU mara zote tatu, unajenga. Ukikaa KIMYA hata mara moja, unakusanya vyombo vyako na kuteremka mlima, na hakuna ofisi ya kukata rufaa.

"Hodi," Stumai alisema kwa sauti. Haikuwa lazima, kwani kubonyeza kitufe kulitosha.

Kijiti kikangoja kidogo.

"Karibuuu," kikasema, kwa sauti ya mwanamke wa Tanga mjini, ile ya kuvuta mwisho wa neno kana kwamba ameshaanza kukutandikia mkeka.

"Mbili!" akapaza Mwalimu Dastani Kiluwa kutoka nyuma, akapiga kofi moja la furaha. "Bado moja tu, bwana. Moja!"

Mwalimu Dastani alikuwa mkuu wa kambi ambayo bado haikuwa na hata ubao mmoja. Alifundisha sayansi kwa miaka ishirini katika shule za Muheza na Tanga, na katika miaka hiyo yote aligundua kwamba wanafunzi wake waliweza kuchora msitu vizuri sana na kuandika majina ya sehemu zake, ila waliogopa kuingia ndani yake. Tangu hapo hakuwa na hamu nyingine duniani. Mwezi wa sita, shule zikifungwa, watoto mia na ishirini wa darasa la sita wangefika hapa Kwemkulo na mashuka yao, na alikwisha kuagiza kibao cha kuwapokea: MSITU UNAWAKARIBISHA. Kibao kilikuwa tayari kimefika, kimeegemezwa kwenye hema lake, kimefunikwa na mfuko ili umande usiharibu rangi.

Nyumba ilikuwa ya Stumai. Aliichora kwa miezi saba, akiupima kila mti uliosimama hapo, na hakuna mti hata mmoja ambao ungekatwa. Ilikuwa nyumba ndefu na nyembamba inayopindapinda kati ya mashina, imeinuliwa juu ya miguu sitini ya chuma isiyohitaji zege, yenye paa la vigae vya mbao. Mabweni mawili, bwalo, jiko la upande wa upepo. Na katikati, kitu alichokipenda kuliko vyote, roshani inayouzunguka mkulo mkubwa, mti wa miaka mia tatu na zaidi, karibu kiasi kwamba mtoto akiamka asubuhi angenyoosha mkono na kugusa gome lake. Stumai aliyefanya kazi ya kuchora majumba kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kujivunia mchoro kama huo, na hakuona haya kusema.

"Kabla hujanywa chai ya pili," Dastani alisema, "hebu nitazamie pale utakaposimama mguu namba kumi na nne. Fundi anasema udongo ni laini."

Stumai akachukua jembe. Alichimba polepole, akiweka majani upande mmoja na udongo upande mwingine ili arudishe kila kitu mahali pake. Jembe lilipozama mara ya tano, lilikata kitu. Akainama. Ulikuwa mzizi mnene kama kidole gumba, umekatika safi, weupe wake unang'aa, na harufu ya mkulo, ile inayofanana na dawa ya kuchua, ikampanda puani.

"Karibuuu," kikasema kijiti nyuma yake. Alikuwa amesahau kukichomoa. "Karibuuu. Karibuuu."

Dastani akacheka mpaka akashika kiuno. "Leo unakaribishwa mpaka chumbani!"

Stumai hakucheka. Alibaki amechuchumaa, jembe mkononi, akiutazama ule mzizi. Mwenyeji gani anayekatwa mguu na kusema karibu?

Akarudi nyuma hatua kumi. Kijiti kikasema karibu, kwa unyonge. Akarudi ishirini, thelathini. Alipofika hatua hamsini, kwenye ukingo wa shamba la zamani lililoachwa likaota vichaka na magugu, alimwomba Dastani naye amfuate, asimame hapo, asitikisike. Wakasimama kama watu wanaopigwa picha. Kijiti kule mtini kikanyamaza: KIMYA.

"Sasa rudi mtini," Stumai alisema. "Usibonyeze chochote. Nenda tu."

Dastani akaenda, akanyaga mizizi kwa viatu vyake vizito.

"Karibuuu," kikasema kijiti.

Mwalimu akageuka kumtazama, bado ana tabasamu, lakini lilikuwa tabasamu la mtu ambaye ameanza kuhesabu. Stumai naye alikuwa akihesabu. Alikuwa akiifikiria nyumba ya watafiti wa ndege aliyoijenga ng'ambo ya bonde miaka minne iliyopita, kwa karibu tatu safi, na mti wa msambu uliosimama ubavuni mwake, uliokauka kuanzia kileleni mwaka wa pili. Wadudu, walisema wakaguzi. Na yeye, kusema kweli, alifurahi sana kusikia ni wadudu.

*

Kijitabu cha kijiti kilikuwa na kurasa tisini, na hakuna binadamu aliyewahi kufika ukurasa wa tisini. Stumai alifika. Huko mwisho, kwa herufi za kumsumbua hata mwenye miwani, paliandikwa: Maneno ya msitu yalikusanywa na Bi Frida Shemzigwa na wenzake, mafundi sanifu wa misitu. Alipouliza, aliambiwa Bi Frida amestaafu na analima karoti upande wa pili wa mlima, mwendo wa saa moja kwa pikipiki.

Alimkuta mchana, amekaa kwenye kigoda mbele ya karai la maji, anasugua karoti kwa gunzi la hindi. Alikuwa mama mwembamba wa miaka sabini hivi, mwenye buti za mvua na kilemba kilichofungwa kwa haraka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa nani?"

"Kaoneka. Wa Soni."

"Aa, wale warefu." Akamtazama kuanzia miguuni, akaridhika. "Shika gunzi, lori linakuja saa tisa. Mimi siwezi kuongea na mtu aliyekaa bure."

Stumai akavuta kigoda, akashika gunzi. Alisugua karoti kumi kabla hajathubutu kueleza kilichomleta, na alipoeleza, alieleza yote: mzizi, jembe, hatua hamsini, ile sauti ya kuvuta. Alipomaliza, mama yule aliweka karoti chini, akaingia ndani, akarudi na daftari la jalada gumu ambalo panya walikwisha kulionja pembeni.

"Tulikuwa watatu," alisema, akikaa. "Kazi yetu ilikuwa moja. Mmoja anasimama mbali na mti, mwingine anasoma waya. Halafu anasogea. Tunaandika. Halafu anasogea tena. Mwaka mzima, mvua na jua. Soma hapo."

Stumai akasoma. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa mtu aliyefundishwa na masista. *Hatua 50, mbali: kimya. Hatua 30, mbali: kimya kwa sehemu. Hatua 5, karibu. Hatua 2, karibu. Mkono juu ya gome, karibu sana.*

Akarudia mstari wa mwisho mara mbili. Maji ya karai yalikuwa yakimchuruzika mkononi na kulowesha ukurasa, akauondoa mkono haraka.

"Mlikuwa mnapima umbali," alisema.

"Tulikuwa tunapima umbali. Mti unajua mtu akiwa karibu, ndiyo tulichogundua, na kilikuwa kitu kikubwa, usidharau. Tukapeleka daftari mjini. Kule kijana mmoja aliyekaa chini ya feni akayaingiza maneno kwenye mashine. Neno mbali akaliona halina kazi, kwa kuwa penye mbali mti hausemi kitu. Akalifuta. Likabaki karibu peke yake." Bi Frida akachukua karoti nyingine. "Na karibu likibaki peke yake, Mswahili atasikia nini? Halafu wakamtafuta yule dada wa redio aliseme kwa sauti tamu. Basi. Mwaka uliofuata bunge likatunga sheria."

"Na mama ulijua?"

"Nilijua siku ya kwanza niliposikia ile karibuuu kwenye taarifa ya habari. Nilikuwa nakunywa uji, ukanipalia."

Stumai aliacha kusugua. Alikuwa na hasira, na hasira hiyo haikuwa na mtu wa kuangukia, kwa sababu mama aliyekuwa mbele yake alikuwa akisugua karoti kwa mikono iliyovimba viungo. Akauliza tu, kwa upole kuliko alivyokusudia, "Kwa nini hukusema?"

Bi Frida akanyoosha gunzi lake kuelekea mlimani. Mlima ulikuwa wa kijani kuanzia chini mpaka kwenye ukungu.

"Mwaka ule ule huo mlima ulikuwa upara. Ulikuwa bado shuleni, huenda hukuuona. Watu walikuja na misumeno asubuhi, jioni wameshateremsha magogo. Ilipokuja hii sheria, mtu akapaswa kukaa msituni asubuhi tatu kabla ya kugusa kitu. Wengi hawakuweza hata hizo tatu. Walichoka, wakaenda zao. Waliobaki wakajenga nyumba ndogondogo, wakaogopa kumkera mwenyeji. Sasa niende nikasimame mbele ya watu niseme, jamani, msitu haukuwahi kumkaribisha mtu? Wenye misumeno wako pale pale, mwanangu, wanangoja siku ya kuambiwa sheria hii ni kichekesho. Nimekaa na neno hili miaka kumi na saba kama kijiwe ndani ya buti. Ukitembea unakisikia, lakini unatembea."

Wakasugua karoti zilizobaki. Lori likapiga honi huko chini barabarani, wakabeba magunia mawili, wakashikana mikono kwenye tope. Dereva akayapakia na kuondoka.

"Kuna mti wangu uliokufa," Stumai alisema, akilitazama lori likipanda. "Niliambiwa ni wadudu."

"Huenda ni wadudu kweli."

"Huenda. Lakini sikuuliza. Nilikuwa nimeshaambiwa karibu."

Bi Frida akarudi kwenye kigoda, akachukua daftari, akalipangusa kwa kanga, akampa.

"Lichukue. Ila jina langu usilifiche. Kama watacheka, wacheke na mimi nikiwepo."

*

Asubuhi ya tatu kulikuwa na manyunyu mepesi. Dastani alikuwa amefunga turubai kati ya miti miwili, chai iko tayari, na alikuwa amesikia habari yote jana yake Stumai aliporudi. Hakuwa amekasirika. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekasirika.

"Nimewaza," alisema, akimimina. "Tusogeze nyumba nyuma, sawa. Hatua hamsini, kule kwenye shamba la zamani. Mti upumue. Mimi sipingi."

"Kule kijiti kitasema kimya."

"Ndiyo."

"Na kimya maana yake hatujengi."

"Ndiyo, Stumai, nimeshaliona hilo." Akampa kikombe. "Hii sheria imegeuzwa kama shati. Panapoumiza panaruhusiwa, pasipoumiza panakatazwa. Kwa hiyo tunapiga hodi hapa mtini, tunapata karibu yetu ya tatu, tunajaza fomu. Halafu tunajenga kule. Nani atakuja kupima kwa miguu? Mti umepona, watoto wamepata kambi, sheria imebaki salama, na yule mama anaendelea kulima karoti zake. Nani ameumia?"

Stumai alikunywa chai. Lilikuwa shauri jema, na mtoa shauri alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililomfanya apate kigugumizi moyoni. Alitafuta aliyeumia, akamwona. Alikuwa mchoraji mwingine, mahali pengine, aliyekuwa asubuhi hiyo hiyo akichomeka kijiti kwenye mizizi ya mti wake na kusikia ile sauti tamu, akafurahi kama yeye alivyofurahi. Walikuwa wengi. Na kila mmoja wao alikuwa akisogea karibu zaidi, kwa mapenzi kabisa, kwa sababu ndivyo mtu anayekaribishwa anavyofanya. Yeye mwenyewe aliiweka roshani pale kwa mapenzi.

"Na wenye misumeno?" Dastani aliuliza taratibu, kana kwamba amemsikia. "Ukisema, utawajibu nini?"

"Sijui," alisema. "Nitawaambia misitu haikuokolewa na karibu, Mwalimu. Iliokolewa na hodi. Ni kule kusimama nje kwanza. Wakinicheka, watanicheka." Alikuwa anaogopa kweli. Leseni yake ilikuwa na miaka kumi na mmoja na nyumba tisa, na tatu kati ya hizo zilisimama msituni.

Akamaliza chai. Akapangusa mikono. Akachomeka kijiti hatua nne kutoka kwenye mkulo, kwa mara ya tatu na ya mwisho, akasema hodi.

"Karibuuu."

Fomu ilifunguka kwenye kompyuta yake ndogo. Ilikuwa fomu fupi, maana serikali ilitaka iwe rahisi. Jina la mjenzi. Jina la msitu. Jibu la msitu. Sehemu ya jibu ilikwisha kujazwa na kijiti chenyewe: KARIBU. Chini yake palikuwa na nafasi ya maelezo ya ziada, ambayo hakuna aliyewahi kuijaza.

Stumai akaandika. Akaambatisha picha za daftari, kurasa zote, pamoja na ule uliolowa. Akaandika jina la Bi Frida Shemzigwa na la kwake. Kisha akamgeuzia Dastani kioo ili asome kabla ya kutuma, kwa kuwa kambi ilikuwa yake pia.

Dastani akasoma kwa sauti, kama mwalimu. "Msitu umejibu: karibu sana." Akainua uso, amefurahi. "Ahaa! Hilo ni jibu zuri kuliko..." Macho yake yakashuka kwenye mstari wa pili, na safari hii hakusoma kwa sauti. Ulisema: *Kwa hiyo tumerudi nyuma.*

Manyunyu yaligonga turubai. Mwalimu akainama, akashika kigingi kilichoonyesha mahali pa mguu namba kumi na nne, cha kwanza kati ya sitini, akakitikisa na kuking'oa.

"Tuma," alisema. "Tuma, kabla sijabadili mawazo."

Waliving'oa vigingi vyote mpaka adhuhuri, wakafukia kila tundu. Kwenye ule mzizi uliokatika Stumai aliweka udongo kwa viganja, akausindilia taratibu. Wakabeba vigingi na kamba hadi kwenye shamba la zamani, wakavitupa juu ya magugu. Huko alikaa juu ya kisiki na kuchora upya kwa penseli: nyumba ile ile ndefu, lakini imenyooka sasa, imegeuza uso kuelekea msituni, na roshani imeondoka. Mahali pake palikuwa na baraza la urefu wa nyumba nzima, pana, lenye viti vilivyojengewa humo, la kuwatosha watoto mia na ishirini kukaa mstari mmoja.

Dastani akachungulia juu ya bega lake. "Baraza?"

"Mgeni ambaye hajaitikiwa anakaa wapi?"

Dastani alicheka kwa pua, kicheko kidogo. Kisha akakumbuka kibao. Kilikuwa bado kimeegemea hema kule ndani ya msitu, na mfuko ulikuwa umechomoka, herufi zikionekana hata kwa mbali: MSITU UNAWAKARIBISHA.

"Na watoto?" aliuliza. "Wakifika hapa, kama watafika, wakaniuliza, Mwalimu, msitu umesema nini? Nitawaambia nini?"

Stumai alisimama. Hakuwa na kijiti; alikuwa amekiacha kwenye sanduku lake, kimezimwa. Akautazama mkulo kule mbali, shina lake jeusi kwa mvua, akasema hodi kwa mdomo wake tu, mara tatu, kwa sauti ya kawaida. Wakasikiliza wote wawili. Maji yalidondoka kutoka jani moja hadi jingine, na hakuna aliyejibu.

Akakaa tena kwenye kisiki, akasogea kidogo ili kumpa mwalimu nafasi.

"Waambie tunangoja," alisema.